Kiwiko cha mwanangu kinauma, na kocha anamtajia Sandy Koufax

Swali: Tunaishi Marekani. Mwanangu ana miaka 13, anacheza besiboli, na ni mrushaji wa mkono wa kushoto. Tangu mwezi uliopita kiwiko kinamuuma upande wa ndani, hasa kesho yake baada ya mechi. Kocha anamwambia amwige Sandy Koufax, mrushaji maarufu wa zamani, eti alirusha miaka miwili na kiwiko kibovu na hiyo ndiyo ikawa miaka yake bora. Mume wangu anasema mipira ya kupinda, ile inayokata kona hewani, ndiyo iliyommaliza Koufax, kwa hiyo mtoto akiiacha atapona. Mdogo wangu anasema tusihangaike, siku hizi kiwiko kikiharibika kinapasuliwa na mtu anarudi na nguvu kuliko mwanzo. Mchezo wenyewe siujui vizuri. Ninachojua ni kwamba mtoto anaficha maumivu ili asitolewe kikosini. Nimsikilize nani?

Jibu:

Dada yangu, nianze na la haraka lisije likapotea katikati ya maelezo: mtoto asirushe mpira tena, hata mazoezini, mpaka kiwiko hicho kionwe na daktari wa mifupa wa watoto au daktari wa michezo. Mengine nitakayoandika unaweza kuyasoma taratibu ukishatulia. Hilo la kwanza lisingoje mechi ya Jumamosi.

Kazi yangu ni tiba ya viungo kwa wanamichezo, na jina la Koufax nimelisikia mara nyingi kwa wazazi na makocha, karibu kila mara likitumika kumfanya mtoto avumilie. Kocha wenu, mume wako na mdogo wako kila mmoja ana kipande cha kweli mkononi. Shida ni kwamba kisa chenyewe, ukikisimulia kuanzia mwanzo, kinaelekea kwingine kabisa.

Koufax alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 30 Desemba 1935. Utotoni moyo wake ulikuwa kwenye mpira wa kikapu. Alipocheza besiboli katika shule ya sekondari ya Lafayette alisimama kulinda kituo cha kwanza, pale mpigaji anapokimbilia akishapiga mpira, wala hakuwa mrushaji. Ni kocha mmoja wa timu ya vijana wa mtaani aliyeona jinsi mkono ule unavyoachia mpira wakati wa kupasha misuli, akamwambia ajaribu kurusha. Wakati huo kijana alikuwa na miaka kama 17. Naomba umpelekee kocha wenu habari hiyo: mrushaji anayemtolea mfano, alipokuwa na umri wa mwanao, hakuwa akirusha mechi za mashindano kila wiki. Kiwiko chake kilimaliza sehemu kubwa ya kukua kabla hakijaanza kazi.

Mwaka 1953 alikwenda Chuo Kikuu cha Cincinnati kucheza kikapu, akajiunga pia na timu ya besiboli, na Desemba 1954 timu ya Brooklyn Dodgers ikamsajili kwa dola 14,000 za kusaini na mshahara wa dola 6,000 kwa mwaka. Enzi hizo palikuwa na kanuni kwamba mchezaji aliyelipwa zaidi ya dola 4,000 za kusaini lazima abaki kwenye timu kubwa kwa miaka miwili. Haikuruhusiwa kumpeleka timu za chini akajifunze. Basi akawa mtu wa benchi. Msimu wa 1955 alirusha awamu 41 na ushei tu, na mechi kamili moja ina awamu tisa. Mpira wake ulikuwa wa kasi ya kutisha lakini hakujua utakwenda wapi. Hadi mwisho wa 1960 alikuwa ameshinda mechi 36 na kupoteza 40, na siku msimu huo ulipokwisha alitupa glavu na viatu vyake kwenye pipa la taka. Mtunza vifaa wa timu ndiye aliyeviokota na kumwekea.

Mabadiliko yalikuja mwanzoni mwa 1961, wakati wa mazoezi ya kabla ya msimu, timu ikiwa imeshahamia Los Angeles. Mdakaji wake, yaani mchezaji anayedaka mipira anayorusha, Norm Sherry, alimwambia apunguze nguvu kidogo, aachie mpira bila kuukamia. Alipolegeza, mpira ukaanza kwenda anakotaka, na kasi ikabaki palepale. Jambo hili nalipenda sana kwa sababu ni somo la mwili: misuli iliyokazwa kupita kiasi hupingana yenyewe kwa yenyewe. Msimu huo alishinda 18, akawatoa wapigaji 269 kwa kuwakosesha mpira, rekodi mpya ya ligi yake.

Kuanzia hapo ni misimu sita ambayo watu wa besiboli bado wanaizungumza. Mwaka 1963 alishinda mechi 25 na kupoteza 5, na kwenye fainali za World Series dhidi ya Yankees akawakosesha wapigaji 15 katika mechi ya kwanza. Kila mwaka kuanzia 1962 hadi 1965 alirusha angalau mechi moja ambayo wapinzani hawakupata pigo hata moja. Ile ya tarehe 9 Septemba 1965, dhidi ya Cubs, ilikuwa kamilifu: wapigaji 27 walikuja, 27 wakarudi bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza.

Sasa weka pembeni ushindi, utazame kazi yenyewe. Katika misimu hiyo sita alirusha zaidi ya awamu 1,600. Mwaka 1965 peke yake zilikuwa 335, ilhali mrushaji wa leo akifikisha 200 anahesabiwa kuwa farasi wa timu. Mara nyingi alipanda kwenye kilima cha kurushia baada ya kupumzika siku tatu tu. Septemba 1961 mechi moja ilienda awamu 13 na alibaki ndani mpaka mwisho, mipira 205. Nikisoma namba hiyo huwa nahisi kiwiko changu mwenyewe.

Kumbuka pia kwamba mwili ulikuwa umeshamtumia onyo kabla ya kiwiko. Mwaka 1962 kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilianza kufa ganzi, kikabadilika rangi. Mshipa wa damu ulikuwa umeumia alipogongwa akiwa anapiga. Aliendelea kurusha mpaka Julai. Ilipogundulika, nusura kidole kipotee, na sehemu kubwa ya nusu ya pili ya msimu ikaenda.

Kiwiko kilijitokeza Agosti 1964. Alijitupa chini kuwahi kituo cha pili, akaangukia mkono wa kushoto. Aliendelea kucheza na kushinda, kisha asubuhi moja akaamka mkono haunyooki. Daktari wa timu, Robert Kerlan, ambaye mwenyewe alikuwa akiteswa na ugonjwa wa viungo, alipiga picha na kumwambia ukweli: ni athraitisi, yaani kuchakaa na kuvimba kwa kiungo, iliyotokana na majeraha, na hiyo hairudi nyuma. Masika ya 1965, baada ya kurusha mechi nzima ya mazoezi, aliamka na mkono mweusi kwa damu iliyovilia ndani. Kerlan alimwonya kwamba akiendelea anaweza kufika mahali asiweze kuutumia mkono huo ipasavyo.

Hapa ndipo sehemu ambayo kocha wenu hajaisimulia. Koufax alifanyaje kazi miaka miwili hiyo? Kabla ya mechi alipakwa marhamu kali ya pilipili, ya kuunguza ngozi. Alimeza vidonge vyenye kodeini kwa ajili ya maumivu. Kwa uvimbe alipewa fenilbutazoni, dawa inayoweza kuharibu uboho unaotengeneza damu. Baadaye iliondolewa kwenye matumizi ya kawaida ya binadamu katika nchi nyingi, na leo wanaoijua zaidi ni madaktari wa farasi. Kulikuwa na sindano za kotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya kiungo. Mechi ikiisha alikaa na mkono ndani ya chombo cha barafu, umevalishwa mfuko wa mpira ili ngozi isigande. Na kati ya mechi na mechi aliacha kabisa kurusha, ingawa warushaji wote walikuwa wakifanya mazoezi hayo ya katikati. Mkono ulikuwa umekunjika kiasi kwamba mikono ya kushoto ya makoti yake ilibidi ipunguzwe na fundi.

Kwa mwili huo alishinda mechi 26 mwaka 1965 na kuwakosesha wapigaji 382. Mechi ya saba ya World Series mwaka huo aliirusha baada ya siku mbili tu za kupumzika, mpira wake wa kupinda ukagoma, akaendelea na mipira ya kasi mpaka akamaliza kwa ushindi wa 2 kwa 0. Mwaka 1966 alishinda 27. Kocha hajadanganya kwenye namba. Lakini tarehe 18 Novemba 1966, akiwa na miaka 30 na akiwa ndiye mrushaji bora kuliko wote, Koufax aliwaita waandishi wa habari akawaambia anaacha. Sindano zilikuwa nyingi, vidonge vilikuwa vingi, na alikuwa na miaka mingi ya kuishi mbele yake ambayo alitaka kuiishi na mwili wake mzima. Alikuwa ametoka kulipwa dola 125,000 kwa msimu, fedha nyingi sana wakati ule.

Kwa hiyo ukimwiga Koufax, muige mpaka mwisho. Huyu alikuwa mtu mzima, aliyeonyeshwa picha za kiungo chake, aliyeambiwa na daktari kinachokuja, akachagua kwa akili yake miaka miwili halafu akachagua kuacha. Mtoto wa miaka 13 anayeficha maumivu hajapewa nafasi ya kuchagua chochote. Hata hajui kinachouma ni nini.

Na hicho ndicho nataka ukielewe vizuri. Sote tuliokulia nyumbani tumetungua maembe kwa mawe. Unakumbuka mkono unavyokwenda nyuma, kiwiko kikatangulia, halafu kigasha na kiganja vikafuata kama mjeledi? Katika nukta ile kiwiko kikiwa mbele na kiganja kimebaki nyuma, kiungo kinavutwa kutaka kufunguka kwa upande wa ndani, ule unaogusana na mbavu ukisimama. Kinachokizuia kisifunguke ni ligamenti, utepe mgumu mfupi unaofunga mfupa kwa mfupa, ukisaidiwa na misuli ya kigasha. Wakati huohuo upande wa nje mifupa inagandamizana, na nyuma ya kiwiko ncha ya mfupa inasuguana na shimo lake kila mkono unaponyooka kwa kishindo. Embe moja si kitu. Mipira 90 kwa kasi yote, mara mbili kwa wiki, miezi tisa ya mwaka, ni kitu kingine.

Kwa mtu mzima, miaka ya msuguano huo huchakaza gegedu, ule utandu laini unaofunika ncha za mifupa. Mwili hujaribu kujitengeneza kwa kuotesha vijiba vya mfupa, kiungo hujaa maji, mkono hukataa kunyooka. Hiyo ndiyo picha ya Koufax.

Kwa mtoto, mifupa bado inakua, na pale ligamenti inaposhikia upande wa ndani kuna sehemu ya ukuaji iliyo laini kuliko ligamenti yenyewe. Mvutano ukizidi, kinachoachia kwanza ni sehemu hiyo. Huanza kuvimba, kisha hupanuka, na siku mbaya kipande cha mfupa hunyofoka kwa mpira mmoja. Sehemu hiyo hufunga kwa wengi kati ya miaka 14 na 17. Mwanao yuko katikati kabisa ya kipindi cha hatari, na maumivu unayoyaeleza, upande wa ndani, kesho yake baada ya mechi, ni dalili ya kawaida ya tatizo hili. Siwezi kuthibitisha kwa maandishi. Nasema tu ndilo la kwanza ambalo daktari atalitafuta.

Mume wako na mpira wa kupinda: wasiwasi wake ni wa siku nyingi na makocha wengi wameukuza. Vipimo vilivyofanywa kwenye maabara vikilinganisha aina za mipira havikuonyesha kwamba wa kupinda unakivuta kiwiko kuliko wa kasi. Wa kasi ndio ulioongoza. Mimi bado napenda mtoto ajifunze kwanza kudhibiti mpira wa kawaida, kwa sababu mtoto anayekunja kifundo vibaya akitafuta kupinda huharibu mtindo wake wote. Lakini kumkataza mpira wa kupinda huku mkiacha idadi ileile hakutamponya. Kinachoumiza zaidi ni wingi na uchovu. Utafiti mmoja wa Marekani uliowalinganisha vijana waliofanyiwa upasuaji na wasiofanyiwa ulikuta waliozoea kurusha mkono ukiwa umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuangukia kwenye kundi la upasuaji. Ndiyo maana ninasisitiza kuhesabu. Miongozo ya kule mliko, kwa umri wa miaka 13, inaweka kikomo cha mipira 95 kwa siku, na akivuka 65 apumzike siku nne nzima. Nunua daftari, kaa jukwaani, uhesabu mwenyewe. Usimwachie kocha. Na kama anacheza timu mbili, au akimaliza kurusha anawekwa kuwa mdakaji, hesabu zote zinaungana kwenye kiwiko kimoja.

Mdogo wako anazungumzia upasuaji uliopewa jina la Tommy John, naye mrushaji wa kushoto wa Dodgers. Ligamenti yake ilikatika Julai 1974, na Septemba mwaka huo daktari Frank Jobe, mshirika wa Kerlan, akaibadilisha kwa kano iliyochukuliwa kwenye kigasha cha mkono wa kulia. John alirudi uwanjani 1976 na kucheza mpaka 1989. Ni kazi kubwa ya utabibu na ninaiheshimu. Lakini upasuaji huo hutengeneza ligamenti iliyokatika. Gegedu lililochakaa haulirudishi, na tatizo ambalo Kerlan aliliona kwenye picha za Koufax lilikuwa la kuchakaa. Wapo madaktari wa leo wanaodhani ligamenti yake pia ilikuwa imeumia. Hilo haliwezi kupimwa tena. Na kwa mtoto ambaye sehemu ya ukuaji bado iko wazi, huo kwa kawaida si upasuaji wake. Hata kwa wakubwa, kurudi kunachukua mwaka na zaidi wa mazoezi ya kuchosha, wengi hurudi na baadhi hawarudi. Ile habari ya kurudi na nguvu kuliko mwanzo hutokana na mwaka mzima wa kujenga bega, mgongo na miguu, mambo ambayo mwanao anaweza kuyafanya bila kisu.

Mkifika kwa daktari, huenda akaomba eksirei ya viwiko vyote viwili ili alinganishe. Ikiwa ni mwanzo wa tatizo la ukuaji, tiba huwa ni kuacha kurusha kabisa, mara nyingi wiki nne hadi sita, kisha kurudi kidogo kidogo kwa ratiba ya mtaalamu wa viungo. Akiwa amepumzika anaweza kukimbia na kufanya mazoezi ya miguu na tumbo. Usimpe dawa za maumivu ili acheze. Dawa itanyamazisha maumivu, na maumivu ndiyo breki pekee aliyonayo.

Yapo mambo ya kwenda hospitali siku hiyohiyo: akisikia kitu kimekatika au kupasuka wakati wa kurusha, kiwiko kikivimba ghafla, kikikwama katikati ya kukunja, au kidole kidogo na cha pete vikifa ganzi. Maumivu yakihamia upande wa nje wa kiwiko, mwambie daktari waziwazi. Kwa watoto wa umri huu hiyo huweza kuwa kipande cha mfupa na gegedu kinachokosa damu, na hakistahili kusubiri.

Kuhusu kuficha: usimkemee. Mtoto anaficha kwa sababu ameona anayesema hupoteza nafasi. Mwambie wewe na baba yake mmeshaongea na kocha kwamba anatoka kwa amri ya daktari, ili mzigo wa kusema usiwe wake. Na jioni hii, kabla ya kula, mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele yako, viganja vikitazama juu, kisha aikunje vidole viguse mabega. Fanya naye, iwe kama mchezo. Ukiona wa kushoto hausawazishwi na wa kulia, hata kwa upana wa kidole, piga simu kliniki asubuhi na uwaambie hivyo hivyo ulivyoona. Usikubali miadi ya mwezi ujao.